Breki Zinazolia kwa Kukaa Bure

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, mtaani Kizingo, Mombasa, nililitoa gari langu nje ya lango. Ni gari dogo la umeme, lilitumika Japani kabla halijafika kwangu, na kwa kawaida hutoka kimya hata paka aliyelala chini ya mwembe haamki. Nilipokanyaga breki ili kumpisha mwenye mkokoteni wa maji, ukatoka mlio mwembamba, mkali, kama bati linalokwaruzwa kwa msumari. Mlinzi akainua kichwa. Mwenye mkokoteni akasimama akanitazama. Huo mlio nilikuwa nao kwa wiki tatu, na gereji moja ilikwisha kuniandikia tiba yake: pedi mpya magurudumu yote manne, na diski mpya juu yake. Pesa zile zingetosha kuchajia gari hilo miezi mingi.

Kabla ya kulipa nilimwomba fundi mwingine anifungulie gurudumu moja tu la nyuma tulione. Akaichomoa pedi, akaifuta kwa kidole gumba, akaigeuza ubavu ili nione unene wake. "Mzee wangu," akaniambia, "pedi hii haijalika hata robo. Imelala tu."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo tangu siku ile. Breki ya gari la petroli ikilia, mara nyingi imechoka. Breki ya gari la umeme ikilia, mara nyingi haijafanya kazi ya kutosha. Mlio unaweza kuwa ule ule, lakini ugonjwa ni mwingine, na anayetibu wa pili kwa dawa ya wa kwanza atabadilisha vipuri kila mwaka na mlio utarudi kila mwaka. Naandika haya kwa sababu naona pesa za watu zikienda bure. Zaidi ya pesa, naona magari yanarudishwa barabarani na pedi mpya zinazong'aa huku kalipa iliyokwama, yaani kile kibano kinachozishika na kuzisukuma pedi, iko pale pale nyuma yake.

Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 200 na kidogo. Likiwa la petroli, sehemu kubwa ya nishati hiyo lazima igeuzwe joto na pedi zinazoibana diski, ndiyo maana ukiteremka mlima mrefu unanusa breki. Gari la umeme lina njia nyingine. Ukiinua mguu, mota iliyokuwa ikiyasukuma magurudumu inaanza kuzungushwa na magurudumu. Inageuka jenereta, na umeme unarudi kwenye betri. Gari linapunguza mwendo na pedi haijaigusa diski. Hata ukiikanyaga pedali ya breki, kompyuta inagawa kazi: mota hutangulia, na pedi huitwa pale mota inaposhindwa, yaani umekanyaga kwa nguvu au gari liko karibu kusimama. Nissan Leaf, ambalo kwa wengi wetu Afrika Mashariki ndilo gari la kwanza la umeme tulilowahi kulipanda, lina hali ya B katika matoleo yake mengi, inayoiongezea mota nguvu ya kushika. Kizazi chake cha pili, kilichotoka 2017, kina e-Pedal inayoweza kulisimamisha gari kabisa bila dereva kugusa breki. Ndiyo maana si ajabu kukuta gari la aina hii limekwenda kilomita 100,000 na pedi zake za kwanza bado nene.

Ni neema, na wauzaji huisifu kwa haki. Lakini diski ya breki ni chuma cha kusubu, na uso wake pale pedi inapogusa huachwa wazi. Usiku mmoja wa unyevu unatosha kuuvika utando wa kutu wa rangi ya chungwa. Gari la petroli hufuta utando huo kwa breki tatu nne za kwanza za asubuhi, dereva asijue kama ulikuwapo. Kwenye gari la umeme, kutu ya Jumatatu inaikuta ya Jumapili haijaondoka. Inashika ukingo wa nje, inasogea ndani, inaanza kuchimba vishimo. Sisi wa pwani tunaongezewa chumvi: upepo wa kusi unaileta mpaka barazani, sembuse kwenye diski iliyo wazi nyuma ya rimu. Bara hakuna chumvi, ila kuna vumbi la murram linalopenya kwenye mipira ya pini za kalipa na kugeuka tope msimu wa masika.

Na gari huanza kulala kabla hatujalilipia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa, kwa hiyo wengi tunanunua lililotumika Japani miaka kadhaa. Gari hilo limeegeshwa kwenye yadi ya bandari huko, limepakiwa melini, limekaa wiki kadhaa juu ya bahari, limeshushwa Kilindini na kusubiri ushuru. Muda wote huo pedi zimekaa mahali pamoja na unyevu umenaswa kati yake na diski. Ukilipokea, chunguza vizuri: mara nyingine utaiona picha ya pedi imechorwa kwa kutu kwenye diski, umbo lile lile, kama alama ya pasi kwenye nguo. Alama hiyo inaweza kudumu miaka kama hakuna anayeifuta.

Sasa kwa nini kutu na uvivu vitoe sauti? Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi ikiibana diski haitelezi kwa ulaini. Inanata, inaachia, inanata, inaachia, maelfu ya mara kwa sekunde. Aliyewahi kumwona Mgogo akipiga zeze anaujua mchezo huu: uzi wa upinde hunata kwenye uzi wa zeze na kuuachia, na hapo sauti huzaliwa. Diski nayo ni upatu mkubwa wa chuma ulioning'inia katikati ya gurudumu. Pedi ikitetemeka kwa kasi inayolingana na ile ambayo diski yenyewe hupenda kutetemeka, upatu unaitikia, na mtaa mzima unasikia. Mlio wa aina hii huwa kati ya mitetemo 1,000 na zaidi ya 10,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni jepesi kuliko popote kati ya 2,000 na 5,000. Gari la petroli lina injini ya kuufunika kidogo. La umeme halina kitu cha kuufunika.

Si ugonjwa wa jana. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, akitumia vibanio vya shaba, na vikalia vibaya mno. Suluhisho lililokuja miaka michache baadaye kutoka kwa Herbert Frood lilikuwa kuweka asbestosi kwenye uso unaosuguana. Mlio ulipungua, na kwa miongo mingi mafundi wa dunia nzima walivuta vumbi ambalo baadaye lilijulikana kuwa linaua mapafu. Asbestosi imepigwa marufuku nchi nyingi leo, lakini vumbi la breki bado si kitu cha kuvuta. Kila ninapomwona kijana gerejini akilipuliza kwa kompresa mdomo wazi, moyo unanisononeka. Maji kidogo kwenye kitambaa yanalishika vumbi hilo lote, na barakoa ni bei ya soda.

Turudi kwenye gari linalolia. Kabla ya kushika spana, sikiliza mlio unakuja lini. Wakati wa mlio unasema mengi kuliko ukali wake.

Ukilia asubuhi tu, au baada ya kuosha gari, kisha ukanyamaza ndani ya breki nne tano, hiyo ni kutu ya juu na gari halina ugonjwa. Ukilia kila unapokanyaga kwa upole kwenye mwendo mdogo, kama unapokaribia tuta, lakini ukanyamaza unapokanyaga kwa nguvu, shuku uso wa pedi. Pedi ambayo miaka yote hupapaswa tu haipati joto la kutosha kujisafisha. Uso wake unakuwa mgumu na unang'aa kama kioo, na kioo hakishiki, kinaimba. Hili ndilo lililo la kawaida zaidi kwenye magari ya umeme yanayoendeshwa mjini, na ndilo linalotibika kwa bei ndogo.

Mlio unaokuja wakati hujakanyaga kabisa, ukanyamaza ukikanyaga, ni habari nyingine. Hapo pedi inaigusa diski isipotakiwa. Huenda pini za kalipa zimeshikwa na kutu, huenda pedi yenyewe imebanwa kwenye reli zake. Huenda pia ni kile kiulimi cha chuma kilichofungwa kwenye pedi ili kulia inapobaki milimita mbili tatu, na hapo kweli pedi imekwisha. Wakati mwingine ni kokoto tu limeingia kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Linatoka kwa kijiti. Mlio unaokwenda na mzunguko wa gurudumu, shwii, kimya, shwii, kimya, unaashiria diski isiyo sawa, mara nyingi ile yenye picha ya pedi niliyoitaja. Na ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, unaoutetemesha mguu, usifike nalo kazini. Liegeshe, mwite fundi alipo.

Kuna sauti nyingine zinazosingiziwa breki. Gari la umeme likipunguza mwendo kwa mota, mota na kifaa kinachoongoza umeme wake huweza kutoa mvumo mwembamba unaoshuka pamoja na kasi. Magari mengi pia hutengenezwa na sauti ya kuwatahadharisha wapita njia kwenye mwendo wa polepole. Umoja wa Ulaya uliifanya lazima kwa aina mpya za magari kuanzia Julai 2019, mpaka kasi ya kilomita 20 kwa saa. Namjua mzazi aliyeweka gari gerejini siku mbili kwa sababu ya sauti hiyo.

Kuzitenganisha kuna njia rahisi ambayo gari la petroli halina. Tafuta barabara tupu, tambarare, nenda polepole kama kilomita 30 kwa saa, tia gia ya N, kisha kanyaga breki taratibu. Kwenye N mota haishiki, kwa hiyo kazi yote ni ya pedi na diski. Mlio ukiongezeka, umempata mhalifu. Ukipotea, tafuta kwingine.

Kipimo cha pili ni mkono, na ndicho kilichonifumbulia gari langu. Nilikuwa nimetoka Diani nikiendesha kwa upole, mota ikifanya karibu kazi yote ya kushika. Likoni nikiwa kwenye foleni ya feri nilishuka nikazungusha kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Tatu zilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilinipiga joto kabla kiganja hakijafika. Kwenye gari la petroli rimu zote zingekuwa za moto na nisingejua lolote. Kwenye gari la umeme, rimu inayochemka bila kazi inashitaki kalipa iliyokwama, na inaeleza pia kwa nini chaji imeanza kuisha mapema kuliko zamani: gari linavuta breki yake lenyewe siku nzima.

Fundi alipoitoa pini ya juu ya kalipa ile, ilikataa kwanza. Aliizungusha kwa koleo huku na huku, taratibu, mpaka ikaachia. Ilikuwa ya rangi ya ukwaju, na grisi yake ya zamani imekauka ikawa kama nta. Ile ya chini iliteleza kwa kidole. Kwa hiyo pedi ya ndani ilikuwa ikiibana diski kwa pembe, upande mmoja tu, na hapo ndipo mlio ulipozaliwa. Gereji ya kwanza ingenifungia pedi mpya juu ya pini ile ile. Zingekaa kimya wiki mbili.

Kazi yenyewe haihitaji karakana ya kifahari, inahitaji utaratibu. Gari lizimwe kabisa na ufunguo uwekwe mbali, kwa sababu baadhi ya magari ya umeme huamsha pampu ya breki mlango ukifunguliwa, na pistoni iliyo wazi haina pa kwenda ila nje. Jeki iwekwe kwenye sehemu zilizotengwa ubavuni mwa bodi, kamwe si chini ya betri. Bati la betri likibonyea, hasara yake inaweza kuzidi bei ya gari. Nyaya za rangi ya machungwa hazihusiani na breki, ziachwe. Kama breki ya kuegesha ni ya umeme, iwekwe kwanza katika hali ya matengenezo kwa kompyuta ya gari au mashine ya kusomea. Ukiisukuma pistoni kwa nguvu unavunja gia ndogo zilizo ndani, na kalipa nzima inakufa. Kalipa ikitolewa ifungwe kwa waya, isining'inie kwa mpira wa mafuta.

Pini husafishwa mpaka zing'ae na kupakwa grisi ya silikoni inayostahimili joto. Sisitizo langu liko hapa, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi huharibika: grisi ya kawaida ya beringi, ile iliyo kwenye kopo kila gereji, huufanya mpira wa pini uvimbe, na baada ya miezi pini inakwama kuliko mwanzo. Vibati vidogo vinavyoshika masikio ya pedi viondolewe. Chini yake kutu huota na kuvisukuma juu, nafasi inapungua, pedi inabanwa isirudi nyuma. Brashi ya waya na tupa dakika kumi zinatosha. Pedi irudishwe tu kama inateleza kwenye reli kwa nguvu ya vidole viwili. Masikio yake na mgongo wake vipakwe grisi ya breki kwa uchache. Uso wake usiguswe na mafuta ya aina yoyote.

Uso uliogeuka kioo husuguliwa kwa msasa uliolazwa juu ya kitu tambarare, kipande cha kioo cha dirisha kinafaa, ukiwa umelowa maji kidogo ili vumbi lisiruke. Sugua mpaka mng'ao uondoke kote. Kingo mbili za pedi, ile inayotangulia na inayofuata, zikichongwa kwa mshazari kidogo hupunguza ule mnato unaoanzisha mtetemo. Diski ipimwe unene kwa venia. Kikomo cha chini kimegongwa kwenye diski yenyewe, kwa herufi ndogo za MIN TH, na mara nyingi kimefichwa na kutu, kisugue ukisome. Kama vishimo ni vya juu juu na unene unaruhusu, diski inaweza kukerezwa kwenye mashine. Kama vishimo vimezama, ibadilishwe, na ibadilishwe jozi, kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja siku ya kukanyaga kwa dharura.

Nimeona tiba nyingine mitaani ambazo naomba ziachwe. Kuosha diski kwa dizeli au mafuta ya taa huacha utando wa mafuta, na petroli juu ya hatari hiyo inaongeza ya moto. Kupulizia dawa ya kulainisha kwenye diski ili inyamaze ni kuzima kengele ya hatari kwa kuivunja, na gari litakaa kimya mpaka siku mtoto atakapokatiza barabara. Kukata mistari kwenye pedi kwa msumeno bila kujua ilivyotengenezwa kunaweza kuipasua.

Mafuta ya breki nayo husahaulika. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha. Yakinyonya, huchemka kwa joto dogo zaidi na kuitia kutu pistoni kutoka ndani. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama pedi hazijalika. Mwenye gari la umeme hudhani kwa kuwa hakuna oili ya injini basi hakuna cha kubadilisha. Kipo.

Baada ya kufunga kila kitu, pedi na diski lazima zizoeshwe, na hapa gari la umeme lina ukaidi wake. Mafundi wengi wanajua desturi: mara kumi hivi, kutoka kilomita 60 mpaka 10 kwa saa, bila kusimama kabisa, na nafasi ya kupoa katikati. Lakini ukifanya hivyo na gari la umeme kama lilivyo, mota inakunyang'anya kazi na pedi zinabaki mbichi. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutia N kila unapokaribia kupunguza mwendo, ukiwa kwenye barabara iliyo tupu kabisa. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kulifanya zoezi hilo mara tu baada ya kuchaji mpaka asilimia 100. Betri iliyojaa haina pa kuupokea umeme, kompyuta inaipunguzia mota kazi ya kushika au inaizuia kabisa, na pedi zinarudishiwa wajibu wake.

Lakini hiyo hiyo ni hatari kwa asiyeijua, na lazima niseme wazi. Tuseme mtu anayeishi Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, akachaji usiku mpaka juu kabisa, asubuhi akashuka Mombo, iliyo karibu mita 1,000 chini yake. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 huachilia nishati ya takriban kilowati-saa 4. Sehemu yake italiwa na upepo na tairi. Kinachobaki, kwa kuwa betri haikipokei, kitapita kwenye pedi na diski, zile zile zilizolala mwaka mzima, zenye kutu na uso wa kioo, kwenye barabara ya kona na korongo. Dereva aliyezoea mota imshikie gari atakanyaga na kukuta pedali si ile ya jana. Wakazi wa Lushoto, wa Limuru wanaoteremka Mai Mahiu, na wote wa milimani, wachaji mpaka asilimia 80 au 90 na kuiachia betri nafasi. Watapata umeme wa bure njiani, na breki zitafika bondeni zikiwa baridi.

Watengenezaji wenyewe wamelikubali tatizo kwa vitendo. Volkswagen, walipotoa ID.3 mwaka 2020, waliweka breki za dramu magurudumu ya nyuma, teknolojia ambayo wengi waliidhani imezeeka. Sababu ni kwamba dramu imefungwa, mvua na chumvi haviifikii kirahisi, na nyuma ya gari la umeme kazi ya breki ni ndogo. Tesla huelekeza kalipa zisafishwe na kulainishwa kila mwaka au kila kilomita 20,000 katika nchi ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Sisi hatutii chumvi barabarani, lakini anayeishi Nyali, Bagamoyo au Mji Mkongwe hutiwa chumvi na bahari kila siku ya mwaka. Kwa maoni yangu agizo hilo linatuhusu kama limeandikwa kwa ajili yetu, gari liwe la Tesla au la kampuni nyingine. Ulaya imekwenda mbele zaidi: kanuni za Euro 7 zilizopitishwa 2024 zimeweka, kwa mara ya kwanza, kikomo cha vumbi la breki, na gari la umeme limepangiwa kikomo kikali kuliko yote, miligramu 3 kwa kilomita dhidi ya 7 za gari dogo la petroli. Kikomo hicho kitawasukuma watengenezaji kwenye diski zenye mipako migumu isiyoshika kutu upesi. Diski hizo zitatufikia, kama kawaida yetu, baada ya miaka minane.

Mpaka hapo, kinga iko mguuni mwa dereva. Mara moja kwa wiki, mahali salama, tia N ukanyage breki kwa nguvu mara tano sita kutoka mwendo wa wastani. Ukimaliza kuosha gari usiliegeshe likiwa limelowa. Zunguka nalo mtaa mmoja ukishika breki mpaka diski zikauke. Ukisafiri kwa wiki mbili, egesha mahali tambarare, weka P na kigingi cha tairi, na kama gari linaruhusu, achia breki ya mkono ili pedi zisigande kwenye diski. Gari langu sasa lina miezi kumi na moja tangu pini ile isafishwe. Pedi ni zile zile lilizokuja nazo. Hulia kidogo asubuhi za mvua, breki mbili tatu, basi.

Na wewe unayejiandaa kununua gari la umeme lililotumika: najua utauliza afya ya betri, na ni haki yako. Ukishaijua, omba dakika tano zaidi. Chukua tochi, piga magoti nyuma ya gurudumu la nyuma, umulike uso wa ndani wa diski, ule usioonekana ukiwa umesimama. Huko ndiko kutu huanza, na muuzaji hajawahi kupapiga picha.